Barua ya wazi kwa wakuu wa kazi: kitazameni kiti kabla ya aliyekikalia

Kwa wakurugenzi, mameneja, wakuu wa idara, maafisa rasilimaliwatu, na kila mwenye saini ya kuajiri, kuhamisha au kufukuza.

Wakubwa zangu, salaam.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mjumbe wa kamati ya nidhamu kazini. Kila jalada lililotufikia lilikuwa na fomu yenye nafasi ya kujaza "chanzo cha kosa", na karibu kila fomu ilikuwa imejazwa neno moja: uzembe. Ripoti imechelewa, uzembe. Hati imepotea, uzembe. Mteja amejibiwa vibaya, uzembe. Nami nilisaini pamoja na wenzangu, kwa sababu neno lile lilikuwa limeshatangulia kufika, na lilionekana kutosha.

Jalada lililonizindua lilimhusu karani wa takwimu aliyekuwa akichelewesha taarifa ya mwisho wa mwezi. Alitakiwa ajieleze kwa barua, akapewa onyo, mwishowe akahamishwa. Aliyeletwa mahali pake alikuja na sifa nyingi kutoka alikotoka, lakini haikupita miezi mitano jalada lake nalo likawa mezani kwetu, kosa lile lile. Akaondolewa. Wa tatu alikuwa mama wa makamo, mtu wa maneno machache. Alipoitwa mbele yetu hakujitetea. Aliomba jambo moja tu, kwamba twende tukamwone anavyofanya kazi.

Tulikwenda. Taarifa yake ilitegemea hesabu za idara tatu, na idara mojawapo ilifunga hesabu zake siku mbili baada ya tarehe ambayo yeye alitakiwa awe ameshawasilisha. Hakuwa na mamlaka ya kuidai idara ile, wala ya kuisogeza tarehe yake. Yeyote ambaye angekalia kiti kile angetoka akiitwa mzembe. Watu wawili walikuwa wamechafuliwa majina kwa sababu ya tarehe mbili zisizopatana kwenye kalenda.

Nilitoka pale na aibu. Aibu hiyo ndiyo iliyonisukuma kuanza kusoma saikolojia ya kazi na taasisi, na ndiyo inayoniandikisha barua hii.

Elimu hii ina zaidi ya miaka 100. Hugo Münsterberg, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Harvard, kufikia mwaka 1913 alikuwa ameshabuni vipimo vya kuwachuja madereva wa tramu, apate wanaoweza kuyaangalia mengi ya barabarani kwa mara moja. Swali lake lilikuwa, ni mtu yupi anayeifaa kazi hii? Baadaye likaja swali la pili: kazi hii ipangwe vipi ili imfae mtu? Wanasaikolojia wa kazi hutembea kwa miguu hiyo miwili. Ninyi wakubwa, kwa niliyoyaona, mnarukaruka kwa mguu mmoja. Mambo yakiharibika mnambadilisha mtu. Yakiharibika tena mnambadilisha aliyembadili. Kazi yenyewe inabaki ilivyo, kana kwamba iliteremka hivyo na haina aliyeipanga.

Na hata mguu huo mmoja mnaukanyagia pabaya. Usaili mwingi ni maongezi: "Hebu tuelezee kidogo kuhusu wewe", kisha mazungumzo yanakwenda yatakako, na anayepata kazi ni yule aliyewafurahisha wasaili. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipitia upya matokeo ya tafiti za miongo mingi kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Iliyotokea juu ya zote ni ile ya usaili uliopangwa, ambapo waombaji wote huulizwa maswali yale yale yanayotokana na kazi yenyewe, na majibu hupewa alama kwa kipimo kilichoandikwa mapema. Usaili wa maongezi ulikuwa chini sana. Idadi ya miaka ya uzoefu, ile mnayoidai katika kila tangazo la nafasi, ilikuwa karibu haisemi lolote kuhusu atakavyofanya kazi huyo mtu. Kurekebisha hili kunahitaji karatasi moja na alasiri moja ya kukubaliana maswali. Sitakaa hapo zaidi, kwa kuwa kinachoniuma kiko kwenye mguu wa pili.

Nianze na kiwanda kimoja cha kushona nguo za kulalia huko Virginia, Marekani, kilichoitwa Harwood. Miaka ya 1940 kiwanda hiki kilikuwa na tatizo mnalolijua vyema. Kila uongozi ulipobadilisha namna ya kushona, uzalishaji ulishuka, wafanyakazi walinung'unika na wengine wakaacha kazi. Wakuu walisema, kama mnavyosema ninyi, kwamba watu hawapendi mabadiliko. Watafiti wawili, Lester Coch na John French, waligawa wafanyakazi katika makundi. Kundi la kwanza liliitwa, likaelezwa utaratibu mpya na kiwango kipya, likaambiwa likaanze. Kundi jingine lilichagua wawakilishi wa kushiriki kuupanga utaratibu huo. Makundi mengine mawili yalishiriki yote, kila mtu, kuanzia kulitazama tatizo hadi kuweka kiwango.

Katika kundi lililoambiwa tu, uzalishaji ulishuka na haukuinuka. Ndani ya siku 40 za mwanzo, asilimia 17 ya watu wake walikuwa wameshaacha kazi. Katika makundi yaliyoshirikishwa hakuna aliyeacha katika muda huo, na yale yaliyoshiriki yote yaliinuka haraka hadi yakapita kiwango chao cha zamani.

Mkiishia hapo mnaweza kusema kwamba labda kundi la kwanza lilikuwa na watu wakaidi. Mimi mwenyewe ningesema hivyo enzi za kamati. Ila utafiti ule, uliochapishwa mwaka 1948, haukuishia hapo. Baada ya miezi miwili na nusu, wale 13 waliobaki wa kundi la kwanza walikusanywa tena, wakapewa kazi mpya, safari hii kwa kushirikishwa kikamilifu. Waliizoea haraka na wakafanya vizuri kama makundi yale mengine. Watu ni wale wale, na mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni namna mkubwa alivyoingia mlangoni. Ninaposoma kuhusu wale wafanyakazi 13 huwakumbuka makarani wetu wawili ambao hakuna aliyewaita mara ya pili.

Wengi wenu mmepitia semina za uongozi na humo mmesimuliwa kuhusu Hawthorne, kiwanda cha Western Electric karibu na Chicago, kilichofanyiwa majaribio kati ya 1924 na 1932. Kisa kinachosimuliwa ni kwamba taa ziliongezwa mwanga uzalishaji ukapanda, zikapunguzwa ukapanda tena, kwa hiyo mfanyakazi anachohitaji ni kuonyeshwa tu kwamba anaangaliwa. Naomba muache kukisimulia hivyo. Wachambuzi waliozirudia takwimu za taa baadaye walikuta athari hiyo imekuzwa mno. Na katika chumba maarufu cha wanawake watano waliounga vifaa vya simu, malipo yalibadilishwa yakafuata kazi ya kikundi kidogo, mapumziko yakaongezwa, na mwanzoni mwa 1928 wawili kati ya watano waliondolewa kwa kuonekana wasumbufu, wakaletwa wengine. Huwezi kufanya hayo yote kisha ukatangaza kwamba siri ilikuwa tabasamu la msimamizi.

Chumba cha Hawthorne kinachostahili kusimuliwa ni kingine, kile cha wanaume 14 waliounganisha nyaya, kilichochunguzwa mwaka 1931 na 1932. Wanaume wale walikuwa wamekubaliana wenyewe, bila kuandika popote, kiasi cha kazi kinachotosha kwa siku. Aliyezidisha alipigwa ngumi ya begani. Aliyepunguza mno naye alisemwa. Ukiwa mezani kwako na orodha ya uzalishaji unaona wavivu 14. Ukiwa mle chumbani unaona kitu kingine: waliogopa kwamba wakionyesha wanaweza zaidi, uongozi ungepandisha kiwango au kushusha malipo kwa kila kipande, au ungepunguza watu, na miaka ile kazi ilikuwa adimu. Walikuwa wanakilinda kibarua. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sidhani kuna mstari mmoja unaobeba sehemu kubwa ya elimu hii kuliko huo.

Sasa naomba mnisikilize vizuri kuhusu jambo la afya, kwa sababu hapa hatuzungumzii ripoti kuchelewa.

Kule Uingereza, kuanzia mwaka 1967, watafiti walifuatilia maelfu ya wanaume waliokuwa watumishi wa serikali mjini London. Wote walikuwa watu wa ofisini. Hapakuwa na mchimba migodi wala mbeba mizigo, na hapakuwa na fukara. Hata hivyo wa madaraja ya chini kabisa walikufa kwa kiwango cha takriban mara 3 ya wale wa madaraja ya juu, na sigara na mambo mengine ya namna hiyo yalieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Mwaka 1985 ukaanza utafiti wa pili, wa watumishi zaidi ya 10,000, wanaume kwa wanawake, ukiongozwa na Michael Marmot. Safari hii watafiti waliuliza pia kuhusu kazi yenyewe. Je, unaamua wewe ufanye lini na ufanyeje? Unaweza kupumzika unapohitaji? Waliokuwa na sauti ndogo juu ya kazi yao walipata zaidi maradhi ya moyo.

Miaka kadhaa kabla, mwaka 1979, Robert Karasek alikuwa ameshaeleza kwamba kinachomchosha mtu vibaya zaidi ni kazi nyingi ikikutana na uamuzi mdogo. Kazi nyingi yenye nafasi ya kuamua inaweza hata kumkuza mtu. Yule mama wa makamo alikuwa na kazi nyingi na uamuzi sifuri. Kwa muda mrefu sisi tuliamini kwamba wanaoumizwa na presha ya kazi ni wakubwa, wenye simu zinazolia usiku na maamuzi mazito. Ni kweli mnachoka, silipuuzi hilo. Ila ninyi mna funguo za saa yenu. Karani hana.

Kuhusu urefu wa saa zenyewe nitapita haraka. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo katika mwaka 2016 peke yake. Na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, huko Uingereza, viwanda vya risasi na mabomu viligundua kwamba kupunguza saa zilizopita kiasi hakukuleta anguko la uzalishaji lililohofiwa, na mahali pengine uzalishaji wote ulipanda. Ilikuwa vita, mabomu yalihitajika kesho yake asubuhi, na bado kumpumzisha mtu kulilipa.

Kitu ambacho hakiwagharimu fedha hata kidogo, na mnakinyima kwa ubahili wa ajabu, ni maelezo. Mwaka 1990 Jerald Greenberg alichapisha utafiti wa viwanda vitatu vya kampuni moja. Kampuni ilipoteza mikataba, ikalazimika kupunguza mishahara kwa asilimia 15 kwa wiki 10 katika viwanda viwili. Kwenye kiwanda kimoja mkuu wa kampuni alikuja mwenyewe, akakaa na wafanyakazi kama saa moja na nusu, akaonyesha hesabu, akaeleza kwa nini njia hii imechaguliwa badala ya kufukuza watu, akasikitika nao, akajibu maswali. Kwenye kiwanda cha pili walipewa kikao cha dakika chache, uamuzi ukatangazwa, basi. Wizi wa mali ya kampuni uliongezeka kote kuwili, lakini kwenye kiwanda kilichotangaziwa tu uliongezeka zaidi sana, na huko ndiko watu wengi waliacha kazi. Mishahara iliporudishwa, wizi nao ulirudi chini.

Naomba msome tena sentensi hiyo ya mwisho. Wezi wale hawakuajiriwa wakiwa wezi. Kulikuwa na tofauti ya dakika kadhaa za mkubwa kuketi na watu wake na kuwaona ni watu wanaostahili kuelezwa. Ni nyaraka ngapi mmesaini mwaka huu zinazoanza na "mnaarifiwa" na kuishia na "kwa utekelezaji"?

Halafu mnashangaa kwamba hamwambiwi ukweli. Amy Edmondson, alipokuwa anaanza utafiti wake hospitalini miaka ya 1990, alitarajia kwamba timu za wauguzi zenye uongozi mzuri zingekuwa na makosa machache ya dawa. Alikuta kinyume: timu nzuri ziliandikisha makosa mengi zaidi. Alipochimba akaelewa kwamba tofauti ilikuwa kwenye kusema. Katika timu zenye msimamizi anayesikiliza, muuguzi aliyekosea dozi alisema hapo hapo, kosa likarekebishwa na wenzake wakajifunza. Kwingine makosa yalifichwa. Kwa hiyo mkuu anayejisifu kwamba idara yake haina makosa anapaswa kuingiwa na hofu, hasa kama aliyekosea mara ya mwisho alisimamishwa mbele ya wenzake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwenye hospitali kifo hicho ni cha mgonjwa ambaye hakuficha chochote.

Najua swali mlilonalo mdomoni. Ina maana hakuna wazembe? Wapo. Nimekaa nao meza moja, na wanawaumiza zaidi wenzao wanaobeba mzigo wao kuliko wanavyowaumiza ninyi. Sisemi msiwaguse. Ninachosema ni kwamba neno uzembe liwe hitimisho baada ya uchunguzi, lisiwe mahali pa kuanzia. Kama watatu wamekaa kiti kimoja na wawili wakakimudu, yule aliyeshindwa ana la kujibu. Kama wote watatu wameshindwa, mwenye la kujibu ni aliyekitengeneza kiti.

Na hata pale kosa likiwa la mtu kweli, kumkaripia si dawa ya uhakika. Avraham Kluger na Angelo DeNisi walipokusanya tafiti kuhusu kuwapa watu mrejesho wa kazi yao, mwaka 1996, walikuta kwamba katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo mrejesho ulishusha utendaji badala ya kuupandisha. Unashusha hasa pale unapomfanya mtu ajifikirie nafsi yake, kwamba yeye ni mtu wa namna gani, badala ya kuifikiria kazi. "Wewe ni mzembe" unamwambia habari za nafsi. "Hesabu za idara ya tatu hazimo, zimekwama wapi?" unamwambia habari za kazi. Maneno haya mawili yanatoka kwenye kinywa kimoja na yanachukua muda ule ule.

Ninachowaomba si semina nyingine ya kuwaamsha ari wafanyakazi. Mmewapa semina za kutosha, fulana za kutosha na mabango ya kutosha. Naomba fomu ile ya nidhamu ibadilishwe, na kabla ya nafasi ya chanzo cha kosa iwekwe nafasi ya kujibiwa na mkuu wa idara mwenyewe: ni nani alikalia kiti hiki kabla, aliondokaje, na wewe umekwenda lini kumtazama huyu anavyofanya kazi? Naomba mabadiliko yanayomgusa mtu yajadiliwe naye wakati bado kuna kitu anachoweza kukibadilisha, si baada ya waraka kuchapwa. Naomba karani apewe walau uwezo wa kusogeza tarehe moja. Na naomba mkosaji anayejitokeza mwenyewe atofautishwe, kwa maandishi, na yule anayeficha.

Kuhusu kiti chetu kile, tarehe ya taarifa ilisogezwa mbele kwa siku nne. Tangu hapo haikuchelewa tena hadi mimi nilipoondoka, na yule mama alipewa cheti cha mfanyakazi bora, ambacho nilimwona akikiweka chini kabisa ya mtoto wa meza. Kamati ilifurahi na kuendelea na majalada mengine. Ila onyo la karani wa kwanza halikufutwa, wala la yule wa pili. Niliandika mara mbili kuomba wote wawili waandikiwe kwamba walisingiziwa, nikajibiwa kwamba mashauri yao yalishafungwa. Mmoja wao alinyimwa kupanda daraja kwa sababu ya barua iliyokuwa na saini yangu.

Mnazo kabati za majalada kama hayo. Yafungueni. Anzeni na viti vilivyokaliwa na zaidi ya watu wawili waliofukuzwa au kuhamishwa kwa kosa moja, na pale mtakapokuta kosa lilikuwa la kiti, waandikieni waliokikalia, popote walipo sasa.

Wenu katika kazi,

Aliyewahi kuwa mjumbe wa kamati ya nidhamu